Ukurasa Unaoujua Wewe Peke Yako

Numbi mwanangu,

Umekwenda kuaga wanakorali wenzako, na najua watakuimbisha mpaka koo likauke. Nimekaa upande wako wa meza, ule unaotazama dirisha. Sanduku lako liko mlangoni, limefungwa kwa kamba ya baba yako. Nimelipita mara tatu nikienda jikoni, na mara zote tatu nimeligusa kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Najua utakachosema ukiziona karatasi hizi: "Mama, barua murefu hivi kwa minyi?" Ndiyo, kwako wewe. Tulia. Nimeandika kwa herufi kubwa zilizoachana, na baada ya kila mstari nimeruka mmoja. Hakuna anayekungoja umalize. Soma kipande ukifika, kipande kingine baada ya wiki mbili. Ukichoka, ikunje. Ningeweza kukuambia kwa mdomo, lakini mdomo wangu unaujua. Nikianza kusema naanza kushindana, na jambo hili sitaki kulishinda. Kwenye karatasi naweza kujifuta.

Mambo ya blanketi, ya maji ya kuchemsha na ya kutolala treni ikisimama Luena, shangazi yako wa Likasi amekwisha kukupa kwenye simu, kwa sauti iliyofika hadi kwa jirani. Sina la kuongeza. Mimi nataka kukuambia habari ya ukurasa.

Babu yako, baba yangu, alikuwa karani wa reli, na Jumapili alifundisha watoto kanisani. Alizaa watoto saba, na sita kati yao walipanda treni wakaenda kutafuta maisha. Kwa hiyo alijiandikia daftari la sala kwa mkono wake mwenyewe: sala ya msafiri, sala ya kuvuna, sala ya mgonjwa, sala ya mwenye kubaki. Aliandika upande mmoja tu wa kila karatasi, kwa sababu wino wake ulikuwa mzito na karatasi nyepesi. Nyuma aliacha peupe.

Kanuni ya nyumba yake ulikulia ndani yake. Kila jioni, kabla ya chakula, mmoja anasoma ukurasa mmoja kwa sauti. Akikosea neno, anarudi mwanzo. Sufuria inangoja, wengine wanameza mate, na yeye anarudi mwanzo. Niliileta kanuni hiyo, pamoja na daftari lenyewe, kwenye nyumba yangu bila kuiuliza swali hata moja, mimi ninayejigamba kwamba sikubali kitu bila kukiuliza.

Na wewe hukukosea kamwe. Tangu ukiwa na miaka saba ulisoma kama maji yanavyoteremka, macho yako yakiwa mbele na si chini. Nilijisifu kwa watu. Nilisema, ninyi endeleeni kulalamika kwamba watoto wa siku hizi hawasomi, wangu anasoma hata bila kutazama! Nilikuwa nimeutamka ukweli wote kwa kinywa changu, na sikuusikia.

Sasa niko mahali pagumu. Nisaidie kwa kutokunja karatasi hapa.

Unakumbuka ile barua yangu iliyosomwa redioni mwaka jana? Mtangazaji mmoja alikuwa amesema kwamba watoto wasiosoma wanahitaji huruma, nami damu ilinichemka. Mvua ilikuwa inanyesha. Jirani yetu alikuwa mlangoni na baiskeli yake, akienda upande wa redio, anapiga kengele: "Madamu, minyi naenda! Kama iko barua, ulete sasa!" Nilitafuta karatasi mezani, sikuiona. Nikashika daftari lililokuwa karibu, nikaona upande mweupe, nikachana. Niliandika kwa mwendo wa moto. Niliandika kwamba mtoto wa miaka kumi na miwili asiyeweza kusoma ni mvivu, na mama anayesema "hawezi" ni mwongo anayemfugia mwanawe uvivu.

Waliisoma mara mbili. Sokoni watu walinishika mkono. Wewe ulikuwa uani unachagua maharagwe, redio iko kwenye kiti.

"Mama, njo weye uliandika ile?"

"Njo minyi."

"Iko na nguvu," ulisema, ukarudi kwenye maharagwe yako.

Niliipokea kama sifa. Sikutazama mikono yako. Leo nimejaribu kukumbuka kama ilikuwa inatetemeka, na siwezi kukumbuka, kwa sababu sikutazama.

Daftari nililolichana lilikuwa la babu yako, Numbi. Nyuma ya maneno yangu yale palikuwa na sala ya mwenye kubaki. Nilikuja kujua wiki tatu baadaye, na wewe ulikuwepo nilipojua, lakini hukujua kwamba ndiyo kwanza najua.

Ni ule usiku wa akina mama wa kanisa, walipokuja kusali kwetu. Zamu ilikuwa yako. Ulifungua daftari pale ulipozoea kwa kidole, ukaanza sala ya mwenye kubaki, na nyumba ikanyamaza, maana sauti yako inajua kunyamazisha nyumba. Mama Kapya alikuwa pembeni yako, na unamjua yeye na shingo yake. Aliinama kufuata maneno.

"Numbi, unasoma wapi?"

"Hapa, mama."

"Hapa hapana! Hapa iko sala ya kuvuna. Ile ya mwenye kubaki, karatasi yake ilipasuliwa. Ona, inabakia meno tu."

Mmoja akacheka: "Eh, huyu mutoto anasomaka karatasi ya mbinguni!"

Mama Kapya hakucheka. Alinigeukia mimi. "Na nani alipasua daftari ya muzee?"

Wote walinitazama. Niliyaona yale meno ya karatasi kwenye mshono, na mvua ile, na kengele ya baiskeli, vyote vikanirudia kwa mara moja. Nilikuwa na nafasi ya kusema maneno mawili tu: ni mimi. Mimi niliyewahi kumwambia mkaguzi wa shule mbele ya walimu wote kwamba hajui anachokagua. Niliogopa wanawake saba wenye vitambaa vya kichwa.

Nikakusukumia daftari. "Soma hii ya kuvuna."

"Mama, tafazali."

"Soma!"

Ukaanza. Neno la kwanza likatoka nusu. Nikasema, mwanzo. Ukarudi mwanzo. Nikasema, mwanzo. Nilikurudisha mara nne, Numbi. Nilihesabu wakati ule kwa hasira, na tangu hapo sijawahi kuisahau hesabu yake. Kisha nikasema lile neno, mbele yao: "Miaka kumi unanidanganya mu nyumba yangu." Wakashika vichwa, wakakuhurumia, wakanihurumia mimi zaidi. Na hakuna aliyeuliza tena ni nani aliyechana ukurasa.

Kwa kosa la kukurudisha mwanzo mara nne nilikwisha kukuomba msamaha, nawe ulinisamehe, au ulisema umenisamehe. Lakini ulimsamehe mama aliyekasirikia uongo. Mama huyo hakuwepo. Aliyekuwepo ni mwizi aliyepiga kelele "mwizi!" akimnyooshea kidole mtoto wake. Hilo sijakuambia, na kesho ungeondoka bila kulijua.

Baada ya usiku ule ulipika, ulifagia, ulinisalimu kila asubuhi, na hukukaa nami mezani siku kumi na tisa. Nilidhani ni kiburi. Nilifanya kile ninachokijua: nilikwenda kutafuta ushahidi dhidi yako. Nikachukua daftari lako la saikolojia, la somo langu mwenyewe, nikitegemea kulikuta tupu.

Lilikuwa limejaa. Kila mstari niliouandika ubaoni ulikuwamo, wima, safi, kama umechongwa. Ndipo nilipoanza kuona kwamba baadhi ya herufi zilikuwa zimegeuzwa, na kwamba mahali nilipokuwa nimefuta ubao kwa haraka, neno lako nalo lilikatikia katikati. Hukuwa unaandika. Ulikuwa unachora. Saa baada ya saa, miaka miwili, katika mstari wa pili kutoka mbele, ulichora somo langu kama mtu anavyochora nyumba ya watu asioweza kuingia.

Na kwenye ukurasa mmoja ulikuwa umechora sentensi hii, ambayo naiandika ubaoni kila mwaka tangu hujazaliwa: "Mtoto mwenye akili timamu anaweza kupata shida kubwa katika kujifunza kusoma." Chini yake, kwa wino mwekundu, palikuwa na mkono wangu: "Mwandiko mzuri sana."

Nilikaa chini jikoni. Nimesoma vitabu vingi, mwanangu, na nimewapiga watu kwa vitabu hivyo. Siku ile nilitamani nisingejua kusoma.

Ndipo ulipokuja na sharti lako. Ulisimama pale mlangoni, lilipo sanduku sasa. "Mama, ile kozi yako, unipatie na kinywa. Hapana na tablo. Na si minyi peke. Tuko bengi." Jumamosi mkaja sita, mkakaa kwenye mkeka, na mimi, mwalimu wa miaka ishirini na miwili, sikujua pa kuanzia. Bila ubao na bila chaki mkononi sikujua kama nina somo.

Nilianza na treni kwa sababu ilikuwa inapita. Niliwauliza kwa nini mtu aliyezaliwa nyuma ya reli haamki treni ikipita usiku, bali huamka siku isipopita. Mkabishana nusu saa, na mwisho mkawa mmenieleza umakini na mazoea vizuri kuliko ninavyovieleza ubaoni. Kuhusu kumbukumbu ulinishinda wewe. Nilikuwa natafuta maneno, ukasema: "Mama, ni kama samaki ya Kinkondja. Ile mbichi, kesho inaoza. Ile unataka ikae, unaigeuzageuza juu ya moshi, leo, kesho, kesho kutwa." Nikawatazama wote wakiitikia kwa kichwa. Nikakumbuka kwamba hivyo ndivyo ulivyofanya na daftari zima la babu yako, ukiwa na miaka saba, ukilisikia zamu za wengine na kuligeuza kichwani kitandani, ili jioni yako ikifika sufuria isingoje.

Nilipowaeleza hofu, kwamba mwili ukiitwa mbele ya watu, au ukiandikishwa imla, unaweza kudhani umekutana na mnyama, mdomo unakauka na macho hayashiki herufi, Banza, yule mtoto wa fundi wa reli, aliruka: "Kumbe! Mwili yangu inaonaka dikte njo mamba!" Mlicheka mpaka kuku wakakimbia. Kisha Banza akasema polepole, "Basi minyi si mupumbafu." Hakuna aliyemcheka.

Nami nikaendelea na somo. Nikasema mtu akiogopa ana njia mbili, hukimbia au hupiga. Ukanitazama. Hukuwa na ubaya usoni.

"Mama, weye unapigaka."

Wenzako walishika midomo. Nikasema tutapumzika kidogo, nikaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika. Ulikuwa umenisoma. Ulinisoma bila kutazama karatasi, kama kawaida yako.

Sitakudanganya na mambo ya miujiza. Huenda usisome haraka maisha yako yote. Macho yako ni mazima na akili yako nzima. Kati ya herufi na sauti yake njia yako ni ya reli moja tu, na treni inayotoka lazima ingoje ile inayokuja. Inafika. Mtu anayekuambia haifiki, chukua jina lake, umpe anwani yangu. Hapana, usimpe. Naanza tena kupigana.

Kuna jambo lingine, na hili silijui vizuri. Baba yako, Ilunga, alikuwa na kawaida. Barua ikija, tangazo la kazi likija, hata maandishi kwenye chupa ya dawa, alinipa. "Soma weye, minyi miwani nimesahau ku depo." Nami nikasoma. Jioni nyingi nilimsomea vitabu vizima, yeye akitengeneza taa ya reli magotini, na akikumbuka kila neno hata mwezi ukipita. "Sauti yako iko muzuri," alisema. Nilidhani ni mapenzi, na nadhani yalikuwa mapenzi. Lakini alipofariki nilitaka kuihifadhi ile miwani. Haikuwamo nyumbani. Nilikwenda depo ya reli alikofanya kazi, nikauliza wenzake. Walitazamana. Hakuna aliyewahi kumwona na miwani.

Huenda alificha kwamba hasomi, miaka kumi na tano, katika nyumba moja na mimi, kwa sababu alisikia jinsi ninavyowasema wasiosoma. Au huenda miwani ilianguka relini siku moja na hakuna zaidi. Sitajua. Kaburi haliulizwi swali. Lakini jioni ninapokaa hapa na kitabu, husoma kwa sauti ndogo, na wewe ulidhani mama yako anaongea peke yake. Ndiyo. Naongea peke yangu.

Kwa sababu yake, na kwa sababu yako, wiki hii nilifanya tena kosa. Niliandika barua kwa yule fundi wa Likasi atakayekufundisha kusuka upya nyaya za mota. Kurasa nne. Nilimweleza jinsi unavyosoma, jinsi asivyopaswa kukupa karatasi mbele ya watu, jinsi ulivyofufua mota ya mashine ya kusaga ya hapa mtaani ukikumbuka mizunguko ya waya kwa vidole vyako. Niliweka na vitisho viwili vitatu vya adabu. Asubuhi ya leo ukaja na bahasha mkononi.

"Mama, uliandikia patron?"

"Nani alikuambia?"

"Jina yake njo hii. Iko fupi, najua kuisoma."

"Nilitaka akujue."

"Atanijua minyi. Hapana barua yako."

"Na kama anakupa karatasi usome mbele ya bantu?"

"Nitasema: patron, minyi nasomaka pole pole, unipe saa. Ao sitasema. Lakini itakuwa kinywa yangu, mama."

Uliiweka mezani, ukaenda korali. Hukuichana. Uliniachia mimi.

Nimewashia makaa ya mbabula kwa barua hiyo. Maandazi ya safari yako yamekaangwa juu ya hoja zangu bora kuliko zote, na yameiva vizuri. Kwa hiyo utafika Likasi na hakuna atakayejua lolote juu yako, ila utakalolisema. Utaogopa. Siku ya kwanza karatasi ikija mbele yako, utatamani kukimbia, au kutazama mbele na kubuni maneno, na unaweza, wewe ni bingwa. Nilikufundisha ubingwa huo kwa sufuria iliyokuwa inangoja. Natamani siku hiyo useme, "unipe saa." Usiposema siku hiyo, sema ya pili. Mimi nimechukua mwaka mzima kusema nilichokisema kwenye ukurasa huu.

Kesho nitakuja stesheni kama treni itakuja. Nitagombana na mtu juu ya nafasi yako ya kukaa. Niache, ni hofu tu ile. Kisha nitarudi. Jioni nitaweka sufuria, nitafungua daftari, na zamu itakuwa yangu, na kesho kutwa yangu, na siku inayofuata yangu.

Nitafika kwenye yale meno ya karatasi. Redioni nilikwenda kuuliza. Karatasi za zamani walikwisha kuzichoma. Nimewapigia simu ndugu zangu wote walio hai. Kila mmoja anakumbuka mwanzo tu, "Bwana wa nyumba iliyopungua," na hapo tunanyamaza wote, maana tulikuwa wasafiri, sala ile haikuwa yetu. Babu yako aliiandika mara moja tu. Duniani kote iko mahali pamoja, ndani yako, nami nilikuita mwongo kwa kuwa nayo.

Jumapili, ukiwa umepumzika, nipigie. Unisomee. Nitakuwa nimekaa hapa na karatasi nyeupe, nitaandika upande mmoja tu.

Nenda pole pole. Na nikikosea neno, unirudishe mwanzo.

Mama yako